Darubini ya Jicho Moja

Siku ambayo Marijani aliitwa kwenda kuchagua darubini ya kampuni, mkewe Somoe alimtengea chapati na supu ya utumbo asubuhi na mapema, kana kwamba anampeleka kuposa. Marijani alimjua mkewe. Supu ya Jumanne haiji bure, na kweli hakuwa amekimaliza hata kipande cha kwanza kabla hajaambiwa bei yake.

"Baba Lulu, leo unaonana na bosi wako ana kwa ana," Somoe alisema, akimsogezea ndimu. "Usirudi hapa bila kazi ya mdogo wangu. Edgar anakusikiliza. Tangu lini amekukatalia neno?"

"Nitamsemea."

"Si utamsemea. Umsemee mpaka akubali."

Huyo mdogo wake, Badru, alikuwa palepale ukumbini akifunga kamba za viatu. Alijitia hamnazo, lakini masikio yote yalikuwa mezani. Tangu Oktoba alikuwa analala chumba cha mbele cha nyumba hiyo ya Mtoni, na kila siku alikuwa akienda Tandale sokoni kubeba magunia ya viazi mgongoni. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa porini kama shemeji yake. Miaka tisa walifanya kazi pamoja katika kitalu cha uwindaji kule Liwale, Marijani akisoma nyayo na kuwaangalia wanyama kwa darubini, Badru akibeba vifaa. Kisha akafukuzwa.

"Shemeji, usijichoshe sana kwa ajili yangu," Badru alisema alipoinuka. "Kosa nililifanya mie. Umenipa pa kulala, mwingine hata salamu asingenipa."

Marijani aliinamia bakuli. Maneno kama hayo alikuwa anayasikia kila wiki, na kila wiki yalikuwa yanamkata maini upya, kwa sababu Badru hakuwa na kosa lolote.

Hiyo Oktoba yenyewe ilikuwa hivi. Edgar, mkuu wa kambi, alikuwa amemleta mgeni kuwinda nyati. Sheria inataka dume tu, jike haliguswi. Walilikuta kundi kwenye kichaka kizito, jua ndiyo kwanza linachomoza, na Marijani akainua darubini. Aliona mwili mweusi, juu yake pembe nene zilizoungana utosini kama zinavyoungana za dume lililokomaa. Akanong'ona, "Dume." Mgeni akafyatua. Walipofika wakakuta jike limelala, chuchu zimejaa maziwa, na dume lenye zile pembe lilikuwa limesimama nyuma yake muda wote, sasa linatokomea. Ndama alibaki hatua chache pembeni akiwakodolea macho.

Askari wa wanyamapori aliyefuatana nao alitoa daftari. Edgar akamgeukia Marijani. Na Marijani, kabla hajajua anasema nini, alisema, "Darubini hii ina walakini, bosi. Vioo vimehama."

Wote wakakumbuka kwamba wiki moja kabla Badru aliiangusha wakati wanavuka mto. Badru mwenyewe alikuwa wa kwanza kukumbuka. Alishika kichwa, akasema, "Ni mie, bosi, niliiangusha mie," na kesho yake akapandishwa lori la mizigo kurudi Dar. Marijani alisimama pale kambini akiliangalia lile lori hadi vumbi likatua, na hakusema kitu.

Kitu ambacho hakukisema ni kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwishapotea hakirudi, na akampa dawa ya matone ya kulinda lililobaki. Ukimtazama usingejua, macho yote mawili yalikuwa meupe na mazuri. Lakini mtu wa jicho moja hawezi kupima kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, na ndiyo maana pembe za huyu aliziona kichwani mwa yule. Chupa ya dawa aliificha kwenye mfuko wa koti lake la porini, akamficha mkewe, akawaficha watu wote. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kazi nyingine hakuijua, na msoma nyayo asiyeona haitwi msimu wa pili.

Sasa uongo ule ulikuwa umezaa. Edgar, kwa kumwamini, alimpigia simu akamwambia, "Mzee wangu, msimu huu sitaki tena aibu. Tununue kimoja kizuri. Ama darubini mpya ya macho mawili, ama ile ya jicho moja inayosimama kwa miguu mitatu. Mtumiaji ni wewe, chagua wewe."

*

Duka la Matar lilikuwa Barabara ya Kilwa, chini ya jengo la ghorofa mbili, jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, wa tatu anasubiri nje. Ukoo wake ulikuwa umeuza na kutengeneza saa, kamera na miwani pale tangu babu yake, na wawindaji walikuwa wanamjua. Marijani alimkuta peke yake nyuma ya nondo za dirisha, na ile darubini ya zamani, iliyotumwa na Edgar tangu Jumamosi, imelala mbele yake juu ya kitambaa.

"Alaykum salaam, sheikh. Karibu," Matar alisema. Akamsogezea kigoda, akamwacha akae, halafu akaigeuza darubini ile taratibu mkononi. "Nimeifungua yote. Nimeipima mara tatu. Hii nzima."

Marijani alisogeza kigoda. "Ilianguka."

"Ilianguka, alama hii hapa. Imekwaruzika ganda tu. Vioo havijahama hata unywele." Akaigeuza upande wa pili. "Kuna kitu kingine, si kazi yangu kukisema. Mpira unaoegemea jicho la kulia umechakaa hadi umepasuka. Wa kushoto kama umetoka dukani jana. Nimeshika darubini za watu miaka arobaini, Marijani. Mtu huchakaza pande zote mbili."

Joto la duka lile lilikuwa la kubanika. Marijani aliutazama mlango, akaona magari, akaona jua, na hakuona pa kwenda. Edgar alikuwa njiani. Marijani akisema darubini ni nzima, ataulizwa nyati jike alikufaje. Akinyamaza, Badru atabeba viazi hadi uti wa mgongo umvunjike.

"Akija bwana wako, nimwambie nini?" Matar aliuliza.

"Mwambie ukweli wa biashara. Mweleze ipi ni ya nini."

"Hilo nitamweleza. Akiniuliza la hii ya zamani?"

Marijani aligeukia mlangoni, na Matar, ambaye alikuwa mtu wa heshima zake, akaifunga darubini ndani ya kitambaa chake.

Edgar aliingia akiwa na haraka zake za mjini, miwani ya jua utosini, akitoa shikamoo kwa wazee wote wawili kwa pumzi moja. Nyuma yake alikuwa Badru. Marijani alishtuka.

"Nimemkuta hapo nje anakusubiri," Edgar alisema. "Nikamwambia aingie, atatubebea vitu. Mzee Matar, tuoneshe."

Ni Somoe huyo, Marijani alijua moja kwa moja. Alimtuma mdogo wake aje asimame mbele ya bosi, ili mumewe asipate pa kukimbilia.

Matar aliwapandisha juu ya paa, kwenye sakafu ya zege iliyojaa matanki ya maji na kamba za nguo. Akaisimamisha ile ya jicho moja kwa miguu yake mitatu, na ile mpya ya macho mawili akaiweka ukutani ikiwa na vifuniko vyake. Akaeleza bila kupamba, mtu wa kuuza lakini si wa kudanganya.

"Hii ya miguu mitatu inavuta mbali sana. Mnyama akiwa ng'ambo ya bonde utahesabu mikunjo ya pembe zake. Lakini ni nzito, inataka mtu aliyekaa, na jua likipanda unaona mvuke unacheza tu. Hii ya macho mawili inavuta kidogo, ila unaining'iniza shingoni, unaona eneo pana, unaona kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Ya kwanza ni ya mtu aliyetulia kilimani. Ya pili ni ya mtu anayetembea kichakani."

"Na sie ni wa kichakani," Edgar alisema.

"Kama ni wa kichakani, jibu mnalo."

Jibu lilikuwa hilo kweli, na hakuna aliyelijua kuliko Marijani. Kitalu chao kilikuwa vichaka vitupu. Nyati unamkuta hatua sitini, na hapo huna nafasi ya kufungua miguu mitatu. Lakini ile ya jicho moja ilikuwa inamwita. Kila anayeitumia hufumba jicho. Angekaa nyuma yake msimu mzima na hakuna ambaye angemshangaa.

Aliinamia ile ya miguu mitatu kwanza, na alikuwa mfalme. Alisoma namba ya lori lililokuwa mbali barabarani, akasoma maandishi kwenye tenki la mafuta upande wa Kurasini, akawaambia kunguru aliye juu ya mnara wa msikiti ana kitu gani mdomoni. Edgar alicheka kwa furaha. "Mzee, wewe hujazeeka!"

"Sasa jaribu hii," Matar alisema kwa upole.

Marijani aliichukua ya macho mawili. Kifuniko kimoja cha mbele kilikuwa kimeshachomoka na kuning'inia kwenye kamba yake, akadhani vyote viwili vimetoka. Akaipachika usoni, akauelekeza uso barabarani.

"Safi sana," alisema. "Inaonesha vizuri. Kuna mama amevaa khanga nyekundu, anauza maembe. Pale kuna bodaboda wawili wanagombana. Hata rangi ziko wazi, pande zote."

Alizungumza hivyo kwa muda, akitia chumvi kidogo kama mtu mwenye raha. Edgar alikuwa amemgeukia Matar, wanaulizana habari za waranti. Ni Badru peke yake aliyekuwa amesimama kushoto mwa darubini, kwa mbele, na Badru alikuwa anatazama kifuniko cheusi kilichokaa imara kwenye kioo cha kushoto.

Mtu mwenye macho mawili angelalamika papo hapo. Nusu ya dunia yake ingekuwa giza. Shemeji yake alikuwa anaisifu.

Marijani alisikia pumzi ya mtu karibu. Alisikia kidole kikigusa mbele ya darubini, kitu kidogo kikachomoka kwa sauti ndogo, na hakuna kilichobadilika katika alichokuwa anakiona. Hapo ndipo alipoelewa. Akaishusha darubini, akamkuta Badru mbele yake, kifuniko kinaning'inia, na uso wa Badru hauna rangi.

Walitazamana. Miezi minane ilikuwa inapita katika macho ya yule kijana, ugali wa shemeji, shukrani za kila wiki, magunia. Marijani alisubiri apige kelele. Alitamani hata apige, yaishe.

"Kwa hiyo, mzee?" Edgar aligeuka. "Na kabla hujachagua, fundi, ile ya zamani uliiangalia? Ilikuwa na tatizo gani hasa? Nataka nijue."

Matar alimtazama Marijani.

"Ni mie, bosi," Badru alisema. "Niliiangusha mie mtoni. Yote yametokana na hapo. Kuna haja gani ya kurudia?"

Edgar alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi, yameshapita. Mzee?"

"Hii ya miguu mitatu," Marijani alisema, na alipoisikia sauti yake alijichukia.

"Hata kwa kichakani?"

"Tutakaa vilimani zaidi."

"Umeamua wewe, mzee wangu. Mie ni nani?"

*

Kwenye ngazi Badru alisimama mbele ya Marijani akamzibia njia. Edgar na Matar walikuwa wameshatangulia dukani kumaliza mambo yao.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Dada anajua?"

"Hajui mtu."

Badru aliegemea ukuta. "Shemeji, mie nilikuwaga nalala nawaza lile jike. Nawaza yule ndama. Nasema mkono wangu ndio uliomuua mama yake. Sokoni wananicheka, mtu wa porini kabeba viazi, nasema sawa tu, nimeyataka. Na wewe unaniangalia kila siku unakula."

"Nilikosa."

"Hilo najua. Pale juu sijakusemea wewe, nimemsemea dada angu. Nikikutaja, atakula nini? Lulu atasoma na nini? Lakini mie siwezi kuwa mtu wa kukutaja, na wewe unaweza kujitaja." Akamwachia njia. "Nenda kwenye gari lake ukamwambie kwa mdomo wako. Nakusubiri pale kwa muuza miwa. Ukirudi umemwambia, basi, mie na wewe hatuna kesi. Kazi akinipa, asiponipa, hatuna kesi."

Marijani alishuka. Kifua, ajabu, kilikuwa kimeanza kupata hewa. Alimkuta Edgar ameshakaa kwenye usukani, boksi la darubini mpya liko kiti cha nyuma, anaandika karatasi juu ya goti.

"Bosi, nina neno."

"Sema, mzee wangu."

"Jicho langu la kushoto halioni. Ni mwaka wa pili. Ile darubini ilikuwa nzima tangu mwanzo, kamuulize fundi. Niliyekosea kwa yule nyati ni mie, na Badru amefukuzwa bure."

Lilikuwa limetoka. Miezi minane ya kulimeza, na lilikuwa maneno machache hivyo. Marijani alisimama wima, tayari kwa matusi, tayari kuambiwa asionekane tena.

Edgar hakutukana. Alifunga kioo cha upande wa pili, akazima redio.

"Nani mwingine anajua?"

"Badru, kuanzia leo. Na fundi amehisi."

"Ungeniambia Oktoba, mzee."

"Najua."

"Hujui. Sikiliza." Edgar alishusha sauti. "Ile ripoti ya askari ilitaka kutuua. Nikaandika barua. Nikasema kifaa kilikuwa kibovu, aliyekiharibu amefukuzwa, na kipya kinanunuliwa. Nikaweka saini yangu. Kwa barua hiyo ndiyo tumeachiwa kitalu. Leo niende kusema niliyemweka mbele ya bunduki alikuwa haoni, na mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake? Kitalu kinaondoka. Watu kumi na nane pale kambini wanarudi kwao, na wengine uliwaleta wewe mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utakuja msimu huu kama kawaida. Utakaa kilimani na hiki ulichochagua, kichakani hushuki. Nitatafuta kijana wa kushuka. Watu wataona mzee kapewa heshima yake."

"Na Badru?"

Edgar alipitisha mkono usoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya Marijani aishiwe nguvu. "Badru jina lake limo kwenye barua. Nikimrudisha, wataniuliza mbona nimemrudisha. Hawezi kurudi, mzee. Si mwaka huu, si mwaka kesho. Na asijue kwa nini, maana akijua ataongea, na akiongea tumekwisha sote." Akampa ile karatasi na kalamu. "Saini hapo kwamba umechagua na kupokea."

Marijani aliisoma. Iliandikwa kwamba kifaa kilichoharibika kimebadilishwa kwa ushauri wake. Alitafuta ndani yake yule mtu aliyekuwa amesimama wima dakika mbili zilizopita, akamkuta watu kumi na nane wamemkalia. Uongo ulipokuwa wake peke yake angeweza kuuvunja siku yoyote. Sasa ulikuwa na wenyewe. Akasaini.

Edgar akamteremshia boksi akalitunze hadi safari, gari likaondoka likamwacha nalo miguuni. Badru alivuka barabara kutoka kwa muuza miwa, akakwepa bajaji, akaja na uso wa mtu anayeogopa kutumaini.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kweli? Yote? La jicho?"

"Yote."

Badru alishusha pumzi ndefu, akapangusa macho kwa kiwiko bila aibu. "Basi, shemeji. Basi yamekwisha." Kisha, kwa sauti ndogo, "Akasemaje kuhusu mie?"

Marijani alilitazama tabasamu lile linaloanza kujitokeza.

"Kasema atafikiria."

"Atafikiria! Si mbaya. Mie nitasubiri, nina haraka gani?" Akainama, akalipandisha boksi begani kwa ustadi wa mbeba viazi. Halafu akaangalia magari, akamzunguka shemeji yake akahamia upande wa kushoto, upande asiouona, akamshika mkono kumvusha barabara.